Sahani ya Thelathini

Dzaleka, Jumanne, baada ya vyombo vya mchana

Mama yangu mpenzi,

Mimi mwanao Nabintu nakusalimu kwa mikono miwili. Miguu yako inaendeleaje? Ile tansio ya damu walikupima tena? Uliponiambia kwa simu kwamba mafundi wamemaliza paa la jikoni nilifurahi, maana nakumbuka mvua ilivyokuwa inaingia mpaka kwenye chungu. Sisi hapa kambini Malawi tunaishi. Riziki ana miaka minne sasa, anachanganya Kiswahili na Kichewa mpaka baba yake Dieudonné hajui kama anasalimiwa ama anatukanwa. Dieudonné bado anauza vitenge na sabuni, siku za soko anafika mpaka Mitundu, anarudi na vumbi kichwani kama muzee.

Noella, mdogo wangu, najua ni wewe unamsomea mama, kwa sababu ya macho yake. Sasa nisikilize. Kama mama hajakula, funga barua hii. Nilimwomba Mama Esperance aliyeileta asiitoe kwenye mkoba mpaka mama awe amekula, na awe amekula kwenye ile sahani ya bati niliyoituma, ya bluu, iliyobanduka rangi pembeni. Mwulize. Kama amekula, endelea, lakini sogea kwanza. Kaa bega kwa bega naye, usikae ng'ambo ya meza.

Mama, kaka yako Placide amekufa.

Noella, pumzika hapo. Mwache kwanza.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi tatu, hii njo ya nne. Yeye mwenyewe njo alinifundisha kuandika, unajua masomo yangu yaliishia wapi. Alikuwa anachana mifuko ya unga ya karatasi, ananipa kalamu, anasema, "Andikia mama yako." Nami nasema naogopa makosa. Anasema, "Mama yako hatakupatia pointi. Andika." Sikuandika. Nilikuwa nakupigia simu, ilikuwa rahisi. Sasa barua ya kwanza ninayokuandikia njo hii.

Alikufa imepita mwezi. Ndani ya mwezi huo tumeongea mara tatu, na kila mara umeniuliza, "Kaka yangu anakula?" nami nimesema anakusalimia. Nisamehe. Simu yako ni ya jirani, anaiweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikia, na kwetu mtu hapewi msiba wa ndugu yake kwa simu kama habari ya bei ya chumvi. Nilitaka mtu awe amekaa pembeni yako. Lakini kuna jambo lingine nililolifanya, baya kuliko huo uongo. Ni kuhusu mahali alipolala. Nitalifikia. Acha nianze mbali kidogo, unizoee.

Siku ya nadhiri zake za umonaki unaijua kuliko mimi, mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nataka uisikie kama alivyokuwa akiisimulia yeye. Alikuwa anasema, "Abati, mukubwa wa monasteri, akanilaza kifudifudi mbele ya altare, bakanifunika kitambaa cheusi cha maiti, kengele ikapigwa ya msiba. Njo desturi ya siye ba Benedikto. Mumonaki anakufa kwa mambo ya dunia, kisha anaamshwa. Lakini nani alikuwa ameelezea familia? Hakuna. Mi niko chini, tumbo kwenye simenti, nasali. Nasikia sauti ya Yaya, dada yangu mukubwa: Bamemuua. Bametuita tuone maiti."

Hapo anaanza kucheka mpaka anafuta macho na mkono wa kanzu. Kwamba wewe na mama wakubwa mlitupa vitambaa vya kichwa chini mkalia matanga yenyewe, ya kuita jina la baba na la babu, mpaka wamonaki wakaacha kuimba. Kwamba kijana mmoja wa monasteri, aliyeshika mshumaa, alikuja kukunyamazisha, ukamchania mkono wa kanzu. Naye mjomba huko chini hakuruhusiwa kuinuka. "Nikasema polepole, Yaya, niko muzima. Hakusikia." Walipomfunua ukamkimbilia, ukampiga kofi, kisha ukamkumbatia. Alikuwa anapenda sana hapo pa kofi. Anajishika shavu kama bado linauma.

Halafu ile wiki ya masasi, vita vilipofika kwetu. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinipeleka kwenye mlango wa monasteri na furushi, Noella bado ananyonya, baba mgonjwa hawezi kutembea. Ukamwambia kaka yako, "Nakupatia uyu. Utamurudisha, ao utarudi weye mwenyewe." Hakukujibu. Najua jambo hilo lilikuuma miaka yote. Aliniambia baadaye kwamba hakujibu kwa sababu hakutaka kuahidi kitu asichokijua. Siku mbili baadaye monasteri iliporwa mpaka milango, wamonaki wakatawanyika nchi tatu, naye akashika njia na mimi. Ziwa, Kigoma, malori, miguu, mpaka hapa.

Hakujua kulea mtoto wa kike, Mama. Kusuka ndiko kulimshinda kabisa. Alinigawa nywele mafungu mawili akayafunga kwa kipande cha mkanda wake wa kanzu. Wamama wa Fizi, Wakongo wenzetu wa kambini, walipotuona kwenye bomba la maji waliweka ndoo chini. "Padiri, uyu mutoto umemusuka ao umemufunga kama kuni?" Akasema, "Nimefunga kwa nguvu, hazitaanguka." Toka siku hiyo wakawa wananisuka kwa zamu, na yeye anakaa pembeni akisoma zaburi kwa sauti, wao wanamwambia apunguze.

Alitundika rimu ya lori kwenye nguzo ya nyumba, akawa anaigonga kwa chuma saa za sala, kuanzia alfajiri. Hakuna mmonaki mwingine, hakuna kanisa ndani ya nyumba, ni yeye na mimi ninayesinzia. Lakini watu wakaizoea. Kwa ile ya mchana wanawake walijua maharage yameshaiva. Jirani yetu Mama Kantore, Mrundi, wa kanisa lingine, alikuja siku moja amekasirika. "Padiri, Mungu wako ni kiziwi?" Akamjibu, "Mungu hapana. Kiziwi ni miye. Napigia masikio yangu." Mama yule alicheka bila kutaka, akarudi kwake.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukueleza vizuri kwa simu. Hapa kambini kila mtu anangoja kuondoka, apelekwe nchi nyingine. Jina likibandikwa ubaoni mtu anacheza, lisipobandikwa anarudi kulala. Mimi mwenyewe nangoja, sitakuficha, nina tumaini, nalitunza kama mtu anavyotunza moto chini ya majivu. Lakini mjomba alikuwa na nadhiri ya kukaa. Wamonaki wa Benedikto wanaahidi kukaa mahali pamoja mpaka kufa, na ndugu zao. Mara mbili abati wake alimwandikia kutoka monasteri ya ng'ambo ya mpaka, kwamba kitanda kipo, njoo. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne. Akaandika kuomba abaki mpaka nikue. Mara ya pili nilikuwa nimeshaolewa. Nilidhani ataenda. Akaomba tena kubaki, na abati akakubali.

Dieudonné alimtania, "Padiri, siye bote tunaomba kutoka, weye peke yako unaomba kubakia. Ukijibiwa mbele yetu, tutajua Mungu ana upendeleo." Mjomba akasema, "Weye unataka Kanada, na baridi ya hapa Dowa inakuliza." Halafu, Mama, akaacha kucheka, akasema, "Fasi niliahidi kukaa bameibomoa. Sasa nakaa na bantu ba pale." Nilikuwa napiga cherehani, nikaendelea.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Alikonda uso, tumbo likavimba, macho yakawa manjano. Tulimpeleka hospitali ya Lilongwe. Mimi nilipata mkeka wa kulala kwa mama mmoja fundi wa nguo anayekaa mtaa wa Area 18, Mkongo mwenzetu, Mungu amlipe. Kila asubuhi nilitoka hapo na Riziki mgongoni na uji kwenye termosi. Daktari aliniita pembeni, akaniambia ini limekwisha, lililobaki ni kukaa naye. Alisema kwa upole. Nilimshukuru, sijui kwa nini nilimshukuru.

Wodini hakukuwa na rimu. Saa za sala zikifika aligonga kijiko kwenye chuma cha kitanda, mara tatu, kidogo tu. Muzee Mmalawi wa kitanda cha pili akauliza ni nini, nikamweleza kwa Kichewa changu hiki kibovu. Kesho yake mjomba akachelewa kwa usingizi, na muzee akagonga kikombe chake kumwamsha. Ikawa hivyo kila siku, kijiko huku, kikombe kule.

Siku ya mwisho alikuwa na akili yote. Akaniuliza, "Utamwambiaje Yaya?" Nikasema mjomba, usiongee hivyo, utapona. Akasema, "Nabintu. Mwambie alishanililia. Matanga moja inatosha kwa mumonaki." Akajishika shavu, hapo pa kofi. Alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia. Mchana, muzee akagonga kikombe. Tukangoja kijiko. Muzee akagonga tena. Nilikuwa nimemshika mkono, Mama, na ulikuwa bado na joto, na kijiko kiko ndani yake. Hakuwa peke yake. Nataka ulijue hilo.

Sasa ninafika kwenye lile jambo.

Wamonaki wa ng'ambo walipiga simu kwamba gari lao liko tayari kuja kumchukua, wamlaze kwenye makaburi yao kama kanuni yao inavyotaka, ila kama familia ina neno. Wakristo wa kambi walitaka azikwe Dzaleka. Na wengine walisema kama tunataka arudi kwetu Bukavu, watajaribu kutusaidia. Familia ni nani hapa? Ni mimi. Ikabidi nipande Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, kutafuta karatasi ya ruhusa ya kuzika. Nilikaa kwenye benchi toka asubuhi. Mama mmoja wa ofisi, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, alinipokea akasema, "Pepani, amayi," pole mama, akachukua kalamu, akaniuliza azikwe wapi. Kalamu ikabaki hewani. Nikamwomba nitoke nikuulize wewe.

Nilisimama kati ya magari ya watu wa serikali nikakupigia. Wewe ulifurahi, hukunipa nafasi. Unakumbuka? Ulinieleza habari za paa. Kisha ukaniuliza, "Uko fasi gani, nasikia magari." Nikasema niko mjini. "Kaka yangu anakula?" Nikasema anakusalimia. Nilikuwa najikaza, nilitaka niseme. Ndipo ukasema, "Mwambie nimemusafishia fasi pembeni ya baba yetu. Nimeng'oa majani yote. Akizeeka arudi, njo kwake pale. Asinicheke." Ukacheka wewe mwenyewe. Mtu nyumbani akacheka pia.

Nikasema nitamwambia. Nikakata simu.

Nilirudi ndani, nikamwambia yule mama, "Dzaleka." Akaandika.

Nimejiuliza kila siku kwa nini. Nilifikiri hivi: watu wawili walimwomba arudi kwao, abati na wewe, na wote wawili aliwajibu kwa kukaa. Nilifikiri hawezi kuapa kukaa, halafu mimi nimhamishe akiwa hawezi kusema. Hiyo ni sababu nzuri na ni ya kweli. Lakini ukweli wote ni kwamba nilitaka abaki karibu nami. Wewe ulimbeba mgongoni akiwa mtoto, una vilima vya kwetu, una kaburi la baba yako, una Noella. Mimi nilikuwa na yeye. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungesema aletwe nyumbani, nami nisingeweza kukukatalia. Njo hilo kosa langu. Sikulifanya kwa kutojua.

Kwenye matayarisho wamama walileta suti ya mtu, na viatu vipya. Nikasema hapana, atavaa kanzu yake. Kanzu ile nyeusi niliishona mimi miaka yote. Viraka vya mgongoni, vya zamani, vimekunjamana, uzi mweupe umetokeza. Vya mikononi ni vya juzi, huoni hata sindano ilikopita. Mtu angeweza kuisoma kanzu ile akajua jinsi nilivyokua.

Wamonaki wawili walikuja kwa gari. Mmoja ni muzee, Padiri Grégoire, anatembea kwa fimbo. Neno lake la kwanza, hata hajakaa, "Dada yake iko wapi?" Nikasema yuko Bukavu. Akanyoosha mkono, akashika kitambaa cha kanzu yake hapa juu ya kiwiko, akasema, "Njo miye nilishika mushumaa siku ile. Alinichania hapa. Abati akanipa azabu kwa kucheka." Mama, alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi nikamshika yule mzee kama ni mtu wa kwetu.

Alikuwa ameleta kitambaa cheusi. Kile cha Bukavu kilipotea, hiki ni cha monasteri anakokaa sasa, lakini ni cha namna ileile. Wakamfunika mjomba nacho. Rimu ikapigwa.

Nami nikangoja ainuke. Najua ni ujinga, nilikuwa nimemuosha uso kwa mikono yangu. Lakini stori ile nimeisikia tangu utoto, na kwenye stori anafunuliwa, anainuka, anapigwa kofi. Nikangoja. Walipoinua kitambaa na hakuinuka, njo nikatupa kitambaa changu cha kichwa chini, nikalia kama ulivyolia wewe, jina la baba yake na la babu yake, majina yote niliyoyajua. Hakuna aliyenifuata na mshumaa. Padiri Grégoire alisema, "Mumuache, ni zamu yake."

Amelala upande wa juu wa makaburi, kutoka hapo rimu inasikika. Dieudonné anaigonga asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mimi nagonga mchana.

Kabla ya kuondoka, Padiri Grégoire alinifundisha desturi moja yao. Mmonaki akifa, siku thelathini sahani yake inawekwa mezani mahali pake, na msalaba mdogo pembeni, na anapakuliwa kama kawaida. Kisha chakula kile anapewa mtu mwenye shida, na anayekula fungu la marehemu njo anamwombea. Tukafanya hivyo, kwenye sahani yake ile aliyotoka nayo monasteri ndani ya furushi langu. Tulichokula sisi, nsima, ugali wa huku, na mboga za majani, siku nyingine maharage, naye akapakuliwa. Riziki alikuwa akiuliza kila mchana, "Leo nani anakula ya Babu Padiri?" Alikula mama mmoja aliyefika juzi na mapacha. Alikula kipofu wa karibu na shule. Mama Kantore alikula pia, ameketi mlangoni, kisha akainuka akaenda kuigonga rimu yeye mwenyewe, na haikuwa saa ya sala wala nini. Mtaa mzima ukachanganyikiwa. Hakuna aliyemkemea.

Sahani ishirini na tisa zimetoka kwenye mlango huu. Ya thelathini sikuitoa. Nilimpigia Padiri Grégoire nikamwuliza kama yaweza kuchelewa, akasema Mungu hana kalenda ya ofisi. Mama Esperance alikuwa anarudi Bukavu kuuguza mzazi wake. Nikaiosha sahani nikaifunga ndani ya kitenge, na maharage ya bustani ya mjomba, yale aliyopanda nyuma ya nyumba, nikamwambia akupikie hayo, akupakulie humo. Kwa hiyo kile ulichokula sasa hivi, Mama, ni chakula cha kaka yako.

Nilimwambia asiyapike yote. Kuna konzi mbili kwenye fundo la kitenge, ni mbegu. Pale ulipong'oa majani pembeni ya babu, usipaache wazi. Yapande pale.

Alisema matanga moja inatosha, nami nimekufikishia maneno yake kama yalivyo. Lakini kama moja haikutoshi, lia. Hata mimi haikunitosha.

Nisalimie mama wakubwa wote wawili, uwaambie yule kijana wa mshumaa ni mzee sasa na hana kinyongo. Nisalimie baba mdogo katekista, aombe misa. Nisalimie shangazi wa soko la Kadutu. Noella, asante kwa kusoma, najua na wewe unalia. Mpe mama maji.

Sahani usinirudishie, ibaki kwako. Mimi siku jina langu likibandikwa, au siku njia zikifunguka, nitakuja mlangoni kwako na Riziki mkononi. Ukitaka kunipiga kofi kwanza, nipige. Nitasimama hapo mpaka unikumbatie.

Ni mimi mwanao,
Nabintu, Mama Riziki